Punda Afe, Mzigo Ufike?

Gharama za kumtibu mnyama wa nyumbani anapougua au anapozeeka

Methali isemayo "Punda afe, mzigo wa bwana ufike" ni ya zamani, lakini maana yake ingali hai katika mitaa ya pembezoni mwa Jiji la Dodoma na katika vijiji vya Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa. Mvua za uwanda wa kati ni za msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Miezi inayobaki ni ya jua na vumbi. Mahali ambapo bomba halijafika, au limefika likakauka, maji husafiri kwa mgongo wa punda au kwa mkokoteni wake. Punda huyo huyo ndiye abebaye kuni, magunia ya mtama na pumba za mashineni.

Ndugu msomaji, familia ngapi za wafanyakazi wa mjini zinaoga, zinapika na kufua kwa maji yaliyoletwa na mnyama huyu, pasipo kujua kama jana alilala na kidonda? Na akishindwa kusimama asubuhi, nani alipe daktari? Mwenye mkokoteni mara nyingi ni mtu wa kipato cha siku kwa siku. Punda asipofanya kazi leo, fedha ya dawa haipo kesho. Na dawa isipopatikana kesho, keshokutwa madumu yatarudi vichwani mwa mama na watoto. Kwa hiyo suala la kumsaidia maskini kumtibu mnyama wake ni suala la jamaa nzima.

DAWA YA BURE ILIVYOKWISHA

Mkoa wa Dodoma una historia ndefu katika utabibu wa mifugo. Maabara ya mifugo ya Mpwapwa ilianzishwa wakati wa Wajerumani, mwaka 1905, na hata leo mji huo una kituo cha utafiti wa mifugo pamoja na chuo kinachowafundisha maafisa mifugo. Baada ya Uhuru, afya ya mifugo ilihesabiwa kuwa kazi ya serikali. Majosho, chanjo na dawa vilitolewa bure au kwa malipo madogo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na hasa katika miaka ya 1990, mageuzi ya uchumi yalibadili utaratibu huo. Sehemu kubwa ya tiba ikaachiwa watu binafsi, na mfugaji akatakiwa kulipa.

Mwenye ng'ombe alipata pa kushika. Ng'ombe ana maziwa na ana bei mnadani, hivyo mfugaji aweza kuuza ndama akamtibu mama. Mwenye punda, mbwa au paka hana njia hiyo. Mnyama wake hatoi maziwa ya kuuza wala haliwi nyama katika nyumba nyingi za nchi hii. Thamani yake imo katika kazi anayoifanya, na siku anapougua thamani hiyo husimama pamoja naye. Ndiyo sababu wanyama hawa huwa wa mwisho kuitiwa daktari.

MARADHI YATOKANAYO NA KAZI

Maradhi mengi ya punda wa kazi hutengenezwa na mikono ya binadamu. La kwanza ni vidonda. Ng'ombe ana nundu, naye huvuta jembe kwa nira inayoegemea mbele ya nundu hiyo. Punda hana nundu. Nguvu zake za kuvuta zimo kifuani. Anapofungwa nira ya ng'ombe, mti hukaa juu ya mifupa ya shingo na kuchubua ngozi kila hatua. Mkanda mpana wa kifuani uliotandikwa gunia au kitambaa laini huondoa tatizo hilo. Kamba nyembamba ya nailoni hukata ngozi kama kisu.

Jina la ugonjwa wa pepopunda linatukumbusha jambo jingine. Vidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na mavi, huingia kwa njia ya jeraha, na jamii ya farasi na punda huathirika navyo kuliko wanyama wengi wengine. Kidonda kidogo cha kwato kilichopuuzwa chaweza kumwua punda mwenye nguvu zake zote.

Kisha kuna meno. Meno ya punda huendelea kuchomoza kwa miaka mingi, na kingo zake zikiota ncha humchoma mashavu anapotafuna. Watu huona amekonda wakadhani ana minyoo, kumbe anashindwa kula. Mjini yameongezeka mafuko ya plastiki yatupwayo majalalani, ambayo humezwa pamoja na maganda na kuziba utumbo.

Tatizo ni kwamba punda ni mnyama mvumilivu sana, naye huficha maumivu yake. Anapoinamisha kichwa na kukataa chakula, ugonjwa huwa umekwisha kukomaa. Hapo ndipo mwenyewe, kwa kukosa fedha ya daktari, hupaka oili chafu ya gari juu ya kidonda. Oili hiyo huunguza nyama na kuzidisha ubaya.

WALIOTANGULIA KATIKA KAZI HII

Wazo la kuwatibu bure wanyama wa maskini lina umri zaidi ya miaka 100. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Bibi Maria Dickin alifungua zahanati ya wanyama katika chumba cha chini ya nyumba huko Whitechapel, mtaa wa makabwela wa mashariki ya London. Wasioweza kulipa waliletea punda wa mikokoteni, mbwa na paka wao, wakatibiwa bila malipo. Zahanati hiyo ilizaa shirika kubwa ambalo lingali likifanya kazi nchini Uingereza.

Mjini Cairo, Bibi Dorothy Brooke alikuta farasi wazee walioachwa na majeshi baada ya vita hiyo hiyo. Walikuwa wameuzwa kwa raia, wakavuta mikokoteni mpaka wakabaki mifupa. Aliomba michango kwa njia ya gazeti, akawanunua wale waliochoka, na mwaka 1934 akafungua hospitali ya wanyama. Wengi kati ya farasi wale hawakuweza kuponywa. Walilishwa, wakapumzishwa siku chache, kisha wakauawa bila maumivu. Lakini Bibi huyo alitambua pia kwamba wenye farasi walikuwa maskini wasio na njia nyingine, na kwamba kuwalaumu tu kusingeleta tiba.

Mfano ulio karibu nasi zaidi upo Lamu, katika pwani ya Kenya. Vichochoro vya mji ule ni vyembamba mno kwa magari, na tangu zama za mababu mizigo yake hubebwa na punda. Bibi Elisabeth Svendsen, aliyeanzisha huko Uingereza mwaka 1969 hifadhi ya punda, alifika Lamu katika miaka ya 1980 akaona hali ya wanyama hao. Mwaka 1987 kituo cha matibabu ya punda kilifunguliwa mjini humo. Punda walitibiwa bure na kupewa dawa ya minyoo, na yakaanzishwa mashindano ya kumtuza mwenye punda aliyetunzwa vizuri. Mashindano hayo yana hekima kubwa, maana yalimfanya kijana wa bandarini aone fahari kuwa na punda asiye na kidonda.

Katika mifano yote hii, tiba ya bure ilifanikiwa zaidi pale ilipofuatana na mafunzo kwa mwenye mnyama. Kidonda kikiponywa leo na kamba ile ile ikafungwa kesho, msaada umepotea.

HALI YA DODOMA

Hapa Dodoma, shirika la INADES-Formation Tanzania limeshirikiana na shirika la Brooke, lililotokana na hospitali ile ya Cairo, katika kuwaelimisha wenye punda juu ya lishe, mizigo na matandiko yanayofaa. Kwa maradhi mazito ipo hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mjini Morogoro; lakini safari ya kilomita 260 hivi haiwezekani kwa punda aliyelala chini. Kwa mwananchi wa kawaida, tegemeo ni afisa mifugo wa kata.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama ampe chakula, maji na matunzo anapougua, na inakataza ukatili. Hata hivyo, sheria peke yake haimpi mtu fedha ya sindano. Ndiyo maana msaada na sheria vinapaswa kwenda pamoja.

MBWA NA PAKA WA NYUMBANI

Kwa familia nyingi za mjini mnyama aliye karibu zaidi ni mbwa wa mlinzi au paka wa kukamata panya. Kwa mbwa, gharama ya kwanza isiyofaa kuahirishwa ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa wa Afrika na Asia, na kwamba karibu wote waliambukizwa na mbwa. Kati ya wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa, watoto walio chini ya miaka 15 ni kama asilimia 40. Dalili zikishaanza, kupona ni nadra mno.

Hapa msaada wa gharama umeonyesha matunda yake waziwazi. Wataalamu wanasema kwamba mbwa 7 kati ya kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kisiwani Pemba kampeni za chanjo ziliuzima ugonjwa mwaka 2014. Chanjo zilipolegea ulirudi mwaka 2016, na zilipoanza tena ukaondoka, ikawa mwaka 2018. Mwenye mbwa mmoja anayekosa chanjo kwa sababu ya umaskini anaweza kuuhatarisha mtaa mzima. Basi mtaa ukisaidia kumlipia, unajilinda wenyewe.

Mtu aking'atwa, aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Na wenye paka wajihadhari: parasetamo, dawa ya maumivu inayokaa katika kila kabati, ni sumu kwa paka. Kidonge kimoja chaweza kumwua.

MNYAMA ALIYEZEEKA

Punda aliyetunzwa aweza kuishi miaka 25 hadi 30 na zaidi. Wa kazi ngumu hufa mapema sana. Tatizo la uzee ni kwamba mnyama bado anakula ilhali kazi imemshinda, na hapo ndipo vishawishi huingia. Miaka michache iliyopita vilikuwapo viwanda vya kuchinja punda Dodoma na Shinyanga. Ngozi zilihitajiwa China kwa kutengenezea dawa ya asili iitwayo ejiao. Punda mzee au mgonjwa akapata bei ghafla, na punda wazima nao wakaanza kuibwa. Mwaka 2022 serikali ilisimamisha uchinjaji huo kwa miaka 10, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kuupiga marufuku katika bara zima.

Uamuzi huo umewalinda punda, lakini umemwachia mwenye punda mzee swali lake: afanye nini naye? Wengi humfungulia aende zake, akafe barabarani akigongwa na lori. Twasema asante ya punda ni mateke, nasi twamlipa miaka 15 ya utumishi kwa kumfukuza. Njia ya haki ni kumpunguzia mzigo mapema, kumpa pumba laini zilizoloweshwa anapopungukiwa meno, na iwapo anateseka pasipo tumaini la kupona, kumwita daktari amalize maumivu yake. Huo nao ni msaada unaostahili kuchangiwa.

TUANZIE WAPI?

Wapo watakaouliza kama ni haki kutoa fedha kwa ajili ya punda au mbwa ilhali kuna watoto wasio na madaftari. Swali hilo ni la kweli na lisidharauliwe. Jibu lake limo ndani ya nyumba zenyewe. Punda akifa, mtoto wa nyumba ile ndiye atakayeacha shule achote maji. Mbwa asiyechanjwa akipata kichaa, mtoto ndiye aumwaye kwanza.

Wahisani wa mbali ni wa kushukuriwa, lakini hawawezi kufika kila kitongoji, na misaada yao ina mwisho. Akina mama wetu wamezoea upatu na vikundi vya kuweka na kukopa. Utaratibu huo huo wafaa kwa wanyama. Kaya 20 zenye punda zikichanga shilingi 1,000 kila mwezi, kwa mwaka zitakuwa na shilingi 240,000 za dawa ya minyoo, dawa ya vidonda na nauli ya afisa mifugo. Wanunuzi wa maji nao wanayo nafasi yao: wamwulize mwenye mkokoteni juu ya kidonda wanachokiona, na wasidai dumu moja zaidi juu ya mzigo uliokwisha kujaa.

Hatua ya kwanza haihitaji fedha. Wiki hii, mwenye mnyama amkague tangu midomo hadi kwato, kisha afike ofisi ya kata aulize siku ya chanjo. Akishaijua, amjulishe na jirani.