Hakuna Dhahabu ya Mjerumani Makindu

Mwezi haupiti bila mtu kunitumia picha ya jiwe. Jiwe lina alama ya msalaba, au mshale, au tundu lililochimbwa kwa patasi, na swali ni lile lile: "Mwalimu, hii si alama ya Mjerumani? Tuchimbe upande gani?" Zamani nilikuwa nikijibu kirefu na kwa heshima. Siku hizi nasema tu: msichimbe. Lakini jibu hilo linafasiriwa kuwa mwalimu anataka kuchimba mwenyewe usiku, kwa hiyo naandika hapa mara moja kwa wote, kuanzia Kibwezi mpaka Sultan Hamud.

Nyingi kati ya picha hizo ni bikoni za wapimaji ardhi: kibonge cha saruji, chuma katikati, namba ubavuni. Nyingine ni mabaki ya ujenzi wa reli ya Uganda, iliyopita hapa mwishoni mwa miaka ya 1890, Makindu ikiwa kambi kubwa ya kazi. Tundu la duara lililoingia wima kwenye mwamba, au nusu ya tundu kwenye jiwe lililopasuka, ni mahali palipotiwa baruti ili mwamba upasuke. Aliyelichimba alikuwa kibarua wa reli, na hakuwa akimwachia mjukuu wako ujumbe.

Sasa vita vyenyewe, yaani Vita vya Kwanza vya Dunia, ambamo dhahabu hiyo inasemwa ilizikwa. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliacha mlango wa makoloni ya eneo hili kutoegemea upande wowote, na Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee wa Dar es Salaam, angependa sana kuupitia. Mwenzake Mwingereza wa Nairobi, Belfield, naye hakuwa na hamu ya kupigana. Hawakusikilizwa. Tarehe 8 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Astraea ikaipiga Dar es Salaam kwa mizinga, na wiki moja baadaye Wajerumani wakaiteka Taveta. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, hakuota kwamba ataishinda Uingereza. Alichotaka ni kuilazimisha ilete huku askari, silaha na meli ambazo vinginevyo zingekwenda kupigana Ulaya. Kwa hesabu hiyo, reli ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi ilikuwa shabaha nono, na mwaka 1915 ulikuwa mwaka wa doria za kuilipua.

Doria ya kawaida ilikuwa na Wazungu wachache, askari wachache na wapagazi, wakitoka upande wa Kilimanjaro kwa miguu, siku kadhaa kwenye nyika isiyo na maji. Walibeba baruti, chakula na maji. Kiu iliwaua wengine kabla hawajaona reli. Waingereza wakaanza kusukuma mabehewa ya mchanga mbele ya injini ili bomu lipasuke chini ya mchanga. Wajerumani nao wakabuni bomu linaloyaacha magurudumu ya mbele yapite, kisha lilipuke injini ikiwa juu yake. Mchezo huo uliendelea mpaka Jenerali Smuts, kamanda wa Waingereza, alipowaondoa Taveta na Moshi, Machi 1916.

Nijibu basi wewe unayechimba. Mtu anayegawa maji kwa kikombe, anabeba sanduku la dhahabu la nini? Na akilibeba, alizike kwenye ardhi ya adui, hatua chache kutoka reli inayolindwa, wakati ana Moshi na Tanga nzima nyuma yake? Ni sawa na mtu wa Wote kwenda kuficha mahari ya binti yake nyuma ya kituo cha polisi cha Lodwar.

Tena dhahabu yenyewe haikuwapo. Sarafu ya dhahabu ya Mjerumani, ile ya rupia 15 yenye tembo, ni ya mwaka 1916. Iligongwa Tabora kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, huko Singida ya leo, kwa sababu Mwingereza alikuwa amefunga bahari na fedha haziingii tena. Zilitengenezwa kama 16,000, kila moja gramu 7 na kidogo, robo yake si dhahabu. Zidisha: dhahabu yote ya sarafu hizo haifiki kilo 90. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba ya mwaka huo huo. Kwa hiyo doria zilizotufikia sisi zilikuja mwaka mmoja kabla ya sarafu hizo kuwapo. Sarafu zenyewe hazijapotea hivyo. Zinauzwa waziwazi kwenye minada ya wakusanyaji, Ulaya na Marekani.

Jeshi la Mjerumani lilikuwa fukara. Lilichemsha magome ya mti wa kwinini likawanywesha wagonjwa wa malaria, likafuma nguo zake, likagonga helleri za shaba na kuchapa noti za karatasi duni. Meli yao ya kivita, Königsberg, ilipozamishwa katika delta ya Rufiji, Julai 1915, waliopoa mizinga yake 10 wakaikokota nchi kavu mpaka ikawaishia. Watu wa namna hiyo hawaachi mali nyuma. Na msiniambie "walirudi na ramani kwa siri." Kuanzia 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika mchana kweupe, wakanunua mashamba. Kama kulikuwa na kitu cha kufukua, walikuwa na miaka kumi na zaidi ya kufukua.

Iliyobaki ni ile rupia ya "zebaki nyekundu," inayosemwa kuwa inavuta mchele na kuzima taa. Hapa uvumilivu wangu unakwisha kabisa. Rupia ya Mjerumani ni fedha na shaba. Haivuti mchele, haivuti chochote, na hata sumaku haiishiki. Zebaki nyekundu ya kuuzwa kwa mamilioni haipo duniani. Kilichopo ni mnunuzi kutoka Nairobi anayetaka kwanza "ada ya kupima," halafu mganga wa kumtuliza jini anayelinda mali, halafu kondoo mweusi, halafu mafuta ya gari la kumleta bosi. Watu wameuza ng'ombe, wameweka hati ya shamba rehani, kwa kipande cha fedha ambacho mkusanyaji angekinunua kwa bei ya viatu. Anayekuomba pesa ili akupe pesa ni tapeli. Huhitaji mwanahistoria kumtambua.

Fedha zilizopotea katika vita hivi zipo, lakini si za Mjerumani. Mwaka 1917 serikali ya Mwingereza ilimpa ofisa wake John Ainsworth, yule yule aliyeanzia Machakos katika miaka ya 1890, kazi ya kuwakusanya wapagazi kwa wingi, na Ukambani ulikamuliwa pamoja na wengine. Kijana alivishwa kisahani cha chuma chenye namba, akaahidiwa rupia 5 au 6 kwa mwezi, akapelekwa kusini kubeba mzigo wa watu wengine. Kuhara, malaria na unga usioiva viliwaua wengi kuliko risasi. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kukaribia laki moja. Mishahara ya wengi wao haikudaiwa na mtu: jina liliandikwa vibaya, kijiji hakikujulikana, mjane hakuambiwa kwamba kuna kitu cha kudai. Maofisa wa makoloni waliomba fedha hizo zitumike kwa manufaa ya Waafrika. Mabishano na London yakavuta miaka, na mwisho London ikakataa. Ukitaka kufukua, fukua huko.

Mjerumani naye hakuwa bora. Askari waliomfuata Lettow mpaka alipoweka silaha chini Abercorn, yaani Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, walikuwa wanamdai mishahara. Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo mwaka 1964, waliobaki wakiwa wazee. Angekuwa na dhahabu mahali, wao ndio wangekuwa wa kwanza kuijua.

Basi, ya kufanya, upesi. Ukiokota sarafu usiisugue; iweke kwenye karatasi na uandike ulipoiokota. Yenye tundu katikati na Kiingereza pembeni ni senti ya Mwingereza. Vitu vya kale ni mali inayolindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, kwa hiyo taarifu Makumbusho ya Taifa, na usimpe mgeni avuke navyo mpaka. Ukikuta risasi kubwa au kitu kinachofanana na bomu, usikiguse, usikipige picha karibu, ita polisi. Bikoni usiing'oe, ni kosa, na utagombana na jirani. Unataka kuona vita kwa macho? Panda gari uende Voi, kisha Maktau, kilima cha Salaita na makaburi ya Taveta; mzinga mmoja wa Königsberg uko Fort Jesus, Mombasa.

Kama babu wa babu yako alichukuliwa kuwa mpagazi, anzia Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba kati ya watu 116,000 na 350,000 waliokufa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, huenda hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, kwa hiyo jina la mtu wenu lina mahali pa kupelekwa. Kabla ya kwenda waulizeni wazee na mwandike jina lake, la baba yake, ukoo, utui (kijiji chake), na rika lake. Kwenye orodha tafuteni kwa sauti, si kwa tahajia: karani aliandika alivyosikia, na Mutisya anaweza kuwa chini ya herufi yoyote.