Mashine ya umeme ya kukatia nyasi: kabla ya kulipa, mtazame atakayeshika mpini

Mvua za masika zikikolea, nyasi za Arusha na Moshi hazimngoji mtu. Ulizozikata Jumamosi hii, Jumamosi ijayo zimeshafika kwenye kifundo cha mguu. Ndicho kipindi ambacho wenye nyumba, wakuu wa shule na wasimamizi wa nyumba za wageni huanza kuulizia mashine. Zamani swali lilikuwa fyekeo au injini ya petroli. Siku hizi zipo mashine za betri, na miongoni mwake zipo zinazojisukuma zenyewe: unabana kishikio, magurudumu yanazunguka, wewe unafuata nyuma ukiongoza. Bei yake huwa juu kuliko ya mashine ya betri ya kusukuma kwa mikono. Je, nyongeza hiyo inastahili kulipwa?

Wengi hulijibu swali hili kwa kutazama bei na mfuko. Nashauri tuanzie kwenye mwili, kwa sababu kwetu anayelipa mara nyingi siye anayesukuma. Mwenye nyumba hutoa fedha, kisha mtunza bustani ndiye anayevuta moshi, anayepigwa na mlio na anayepanda mteremko na mashine mbele yake. Uamuzi wa dukani huishia mgongoni mwa mtu mwingine.

Mashine moja, maamuzi mawili

Maneno "ya umeme" na "inayojisukuma" huandikwa pamoja kwenye boksi, lakini ni mambo mawili tofauti. La kwanza linahusu nguvu inayozungusha kisu: betri badala ya petroli. La pili linahusu nguvu inayozungusha magurudumu: mota badala ya miguu na mikono yako. Faida za kiafya za jambo la kwanza humfikia kila anayetumia mashine, hata kwenye uwanja tambarare. Faida za jambo la pili hutegemea uwanja wako ulivyo na mwili wa anayesukuma. Tuyapime moja moja.

Mapafu ya anayetembea nyuma ya injini

Injini ndogo ya petroli haina vichujio vya moshi kama vya gari la kisasa. Hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hutoa pia chembe ndogo zinazofika ndani kabisa ya mapafu, na benzeni, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu. Hali huwa mbaya zaidi kwenye injini zinazochanganyiwa petroli na oili, kama zile za mashine nyingi za kufyekea zinazobebwa begani, kwa sababu sehemu ya mafuta hutoka bila kuungua.

Jimbo la California nchini Marekani limelipima jambo hili kwa makini. Mamlaka yake ya hewa imekadiria kwamba saa moja ya mashine ya petroli ya kukatia nyasi, ya aina wanayotumia wafanyakazi wa kulipwa, hutoa vichafuzi vinavyotengeneza ukungu wa moshi sawa na gari jipya dogo likiendeshwa kilomita 480 hivi. Kwa msomaji wa kwetu, hiyo ni karibu safari ya Nairobi hadi Mombasa. Mwaka 2021 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kuondoa injini ndogo mpya za petroli sokoni, na utekelezaji ukaanza na mashine za mwaka 2024.

Uwanjani upepo husaidia kutawanya moshi, na anayekata nyasi nusu saa kwa wiki havuti mwingi. Anayefanya kazi hiyo kutwa, nyumba baada ya nyumba, siku sita kwa wiki, ndiye hasa anayebeba mzigo. Mashine ya betri haina moshi kabisa pale anapotembea.

Masikio hayasahau

Mashine nyingi za petroli hufikia desibeli 90 hivi masikioni mwa anayezisukuma. Nyingi za betri hubaki kati ya 75 na 85. Tofauti hiyo huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kipimo cha desibeli hakipandi kama ngazi za kawaida. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti hurudufika. Zikiongezeka 10, nguvu imekuwa mara kumi.

NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, inashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kwenye 88 muda hushuka hadi saa 4, na kwenye 91 hadi saa 2. Kwa hiyo mtunza bustani anayeshinda na injini ya desibeli 90 amemaliza kiwango chake cha siku kabla ya chai ya saa nne. Sauti kubwa huua vinyweleo vidogo vilivyo ndani ya sikio, na vikishakufa havioti tena. Kwanza huanza mlio kama wa nyenje kichwani jioni, kisha mtu hukosa kusikia vizuri watoto wakizungumza. Kwa mfanyakazi wa aina hii, betri ni kinga. Kama bado anatumia petroli, vizibo vya masikio vinunuliwe leo, wala visingoje mashine mpya.

Mtetemo nao huwa mdogo kwenye mota ya umeme, jambo linaloihifadhi mishipa ya damu na fahamu ya vidole.

Hesabu ya kusukuma

Sasa tufike kwenye magurudumu. Chukua uwanja wa mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Mashine yenye upana wa sentimita 46, ukiacha mistari ipandane kidogo, hukata kama sentimita 40 kila unapopita. Hiyo ni mistari 50 yenye urefu wa mita 30: kilomita moja na nusu, bila kuhesabu kugeuza. Kwenye ukoka mfupi na ardhi tambarare, mtu mwenye afya anamaliza kwa nusu saa na zaidi kidogo, akiwa ametoka jasho la kawaida.

Jasho hilo lina faida. Kusukuma mashine ya kukatia nyasi hutumia takriban mara tano ya nguvu ambayo mwili hutumia ukiwa umetulia, kiwango kinachohesabiwa kuwa mazoezi ya wastani. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya namna hiyo kila wiki. Mfanyakazi wa ofisini anayekaa kitini kutwa, mwenye uwanja mdogo ulio sawa, akilipia mashine inayojisukuma atakuwa amelipa ili aondolewe mazoezi yake.

Mteremko hubadilisha hesabu. Mashine ya kilo 30 kwenye mteremko wa digrii 10 hukurudisha chini kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 5, hatua kwa hatua, na bado hujaongeza ukinzani wa nyasi zenyewe. Ongeza nyasi aina ya kikuyu, zile nene zinazotambaa ambazo nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania zinazijua vyema, au nyasi za Pemba zilizoshiba mvua, na magurudumu huzama kama yanapita kwenye godoro. Anayesukuma huinama, hubana pumzi na kukaza mabega. Kubana pumzi huku ukisukuma kwa nguvu hupandisha shinikizo la damu ghafla. Kwa mwenye presha, ugonjwa wa moyo, magoti yaliyochakaa au mgongo unaouma, hapa ndipo mota ya magurudumu inapostahili bei yake. Ataendelea kutembea umbali ule ule, moyo utapata zoezi lake, lakini ile mikikimikiki ya kusukuma itakuwa imeondoka. Mwenye ugonjwa wa moyo amuulize daktari wake kwanza.

Kupima mteremko hakuhitaji fundi. Chukua fimbo iliyonyooka ya mita moja, weka ncha moja juu ya mteremko, inyooshe iwe sawa kwa kutumia chupa ya maji iliyolazwa juu yake kama kipimo, kisha pima umbali kutoka ncha ya pili hadi chini. Sentimita 18 ni digrii 10. Sentimita 27 ni digrii 15, na zaidi ya hapo mashine nyingi za kusukuma, hata zinazojisukuma, si salama. Sehemu hiyo iachie fyekeo, au panda mimea inayoshika udongo isiyohitaji kukatwa.

Uzito unaofichwa na mota

Mashine inayojisukuma huwa nzito kuliko ya kawaida. Nyingi za kusukuma huwa na kilo 15 hadi 22, na nyingi zinazojisukuma, pamoja na betri, hufika kilo 25 hadi 35. Mota ikifanya kazi, huwezi kuuhisi uzito huo. Utauhisi unapogeuza pembeni mwa maua, unapoivuta kutoka kwenye mtaro, unapoipandisha ngazi za stoo, na zaidi betri inapoisha katikati ya mteremko. Uwanja wenye miti, mawe na vitanda vingi vya maua humtaka mtu ageuze kila baada ya hatua chache, na humo mashine nyepesi humchosha mtu kidogo kuliko nzito yenye mota.

Betri, joto na chaja kutoka ng'ambo

Usidanganywe na volti pekee. Betri iliyoandikwa volti 40 mara nyingi hufanya kazi kwa 36. Ile 40 ni kipimo chake ikiwa imejaa tu. Tafuta wati-saa, yaani volti mara saa-ampea. Betri ya volti 56 na saa-ampea 5 ina wati-saa 280. Kuijaza hutumia kama theluthi ya uniti moja ya umeme, hivyo kwa anayelipa shilingi 350 za Tanzania kwa uniti ni zaidi kidogo ya shilingi 100. Mota ya magurudumu hula sehemu ya akiba hiyo, lakini mlaji mkubwa ni kisu kinachopambana na nyasi ndefu zilizolowa. Ukikata mara kwa mara bila kuondoa zaidi ya theluthi ya urefu wa nyasi, betri itafika mbali na nyasi hazitaungua.

Betri ya lithiamu huzeeshwa na joto. Usiiache juani wala kwenye stoo ya mabati mchana wa Dar es Salaam au Mombasa. Ikitoka kazini ipoe kwanza ndipo uichaji, na kama haitatumika kwa wiki nyingi, iwekwe mahali penye ubaridi ikiwa nusu.

Wenye ndugu Marekani wawe waangalifu. Chaja ya kule hutengenezwa kwa umeme wa volti 120, wakati wetu ni 230 hadi 240, na kuichomeka ukutani huku ni kuiunguza. Betri inayozidi wati-saa 160 pia hairuhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege, hivyo ndugu hawezi kukuletea sandukuni. Nunua mahali utakapopata betri ya pili na kipuri cha kisu.

Ukimya una hatari yake

Mota ya umeme isipolia, watu husahau kwamba kisu kina ukali ule ule. Ncha yake huenda kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 300 kwa saa, na jiwe likirushwa hupasua jicho. Tangu 1982 Marekani imetaka kisu cha mashine za kusukuma kisimame ndani ya sekunde 3 mtu anapoachia kishikio. Ijaribu mashine yako dukani, na usikubali kishikio kilichofungwa kwa kamba ili kisiachie. Chomoa ufunguo au betri kabla ya kutoa nyasi zilizokwama. Vaa viatu vya kufunika, kandambili zibaki mlangoni. Kwenye mteremko kata kwa kupita kando, usipande na kushuka, na usiivute mashine kuielekea miguu yako. Watoto wadogo wawe ndani. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri asiyefikisha miaka 12 asiisukume kabisa.

Basi, ununue?

Kama uwanja wako ni mdogo na tambarare, na anayeukata ana afya njema, nunua ya betri ya kusukuma na uweke akiba ya betri ya pili. Kama una mteremko wa kati ya digrii 5 na 15, au nyasi nene kwenye eneo la mita za mraba 500 na kuendelea, au mtumiaji ana umri mkubwa, presha au maumivu ya mgongo, lipia inayojisukuma. Kama uwanja una vitanda vya maua kila upande, tafuta nyepesi kuliko zote. Na kama unamwajiri mtu akate nyasi siku nyingi kwa wiki, acha petroli mapema kadiri mfuko unavyoruhusu.

Siku ya kununua, nenda dukani na mtunza bustani wako. Aizime mota ya magurudumu, aisukume mashine, aigeuze mara tatu na kuinyanyua kidogo kama anavuka mtaro. Kisha muulize yeye, kabla hujamuuliza muuzaji.