Herufi Inaanzia Wapi?

Mtoto wa darasa la awali anapomaliza mstari mzima wa herufi a na kuleta daftari lisahihishwe, kosa lenyewe mara nyingi limeshapita. Herufi zipo, nyingine zimenenepa, nyingine zimelala kidogo. Mwalimu anaweka vema, anaita mwingine. Daftari halisemi mkono ulianzia wapi, ulizungukia upande gani, na penseli iliinuliwa mara ngapi. Hayo ndiyo yanayoamua mwandiko utakuwaje, na huonekana tu mtoto akiwa bado anaandika.

Chukua hiyo hiyo a. Penseli inawekwa juu, upande wa kulia, inarudi kushoto, inashuka ikizunguka hadi kugusa mstari, inapanda mpaka ilipoanzia, kisha inashuka wima. Yote hayo bila kuinuliwa hata mara moja. Mtoto aliyeachiwa ajitafutie njia huchora duara kwanza, pengine akianzia chini, halafu anainua penseli na kubandika kijiti pembeni. Akiandika polepole huwezi kuitofautisha a yake na ile ya kwanza. Shida hujitokeza madarasa ya juu, anapotakiwa kunakili haraka kutoka ubaoni: kijiti kinaachana na duara, a inasomeka kama o na l, na “mama” halisomeki tena. Kwa Kiswahili hasara ni kubwa zaidi, maana a ndiyo herufi inayojirudia kuliko zote.

Walimu wengi huanza na irabu, nami naunga mkono, kwa kuwa silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu. Baada ya hapo ningeomba tusifuate mpangilio wa alfabeti, tufuate mwendo wa mkono. Aliyeshika a na o apewe d na g, ambazo huanza vilevile. Kisha zije zile zinazoshuka wima kutoka juu, zikarudi kupanda kwa njia ileile na kupinda kulia: r, n, m, h, b, p. Herufi kama i, l, t, u na j hazisumbui sana. Zenye mistari ya mshazari, yaani k, v, w, y na z, zisubiri, kwa sababu mshazari huwa mgumu kwa mkono mchanga kuliko mstari wima au duara.

Mpangilio huo unatibu pia ugonjwa wa b na d. Maneno ya mwanzo kabisa anayokutana nayo mtoto wetu ni “baba” na “dada”, na hayo mawili yanatofautiana kwa upande ambao kijiti kimesimama, basi. Kugeuza herufi ni jambo la kawaida hadi kwenye umri wa miaka 7 hivi, kwa hiyo mtoto asichapwe wala kuchekwa. Lakini kama b ameizoea kwa kuanzia juu na kushuka, na d kwa kuanzia kwenye duara kama a, mkono wenyewe utamkumbusha ipi ni ipi hata macho yakisita.

Nina wasiwasi na kurasa za nukta nukta zinazouzwa kila duka la vitabu. Mwaka 2012 Karin James wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, na mwenzake Laura Engelhardt walichapisha utafiti kuhusu watoto wa karibu miaka 5 wasiojua kusoma. Watoto walijifunza herufi kwa kuziandika wenyewe, kwa kufuatisha nukta, au kwa kubonyeza kibodi, kisha ubongo wao ukapigwa picha wakitazama herufi. Sehemu za ubongo zinazotumika katika kusoma ziliamka kwa herufi walizoziandika wenyewe. Kufuatisha na kubonyeza hakukuleta matokeo hayo. Watoto walikuwa wachache, ila jibu linaafikiana na kinachoonekana darasani: anayefuatisha nukta huangalia nukta inayofuata, wala haoni herufi. Mfuatishe mara mbili tatu, halafu mwondolee nukta.

Mwaka 2015 Tanzania ilibadili mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukajikita katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. K ya kuandika haiwezi kufundishwa kwa kusahihisha peke yake, hata pale darasa lina watoto themanini. Mwalimu awape mgongo watoto, ainue mkono, aandike hewani huku darasa zima likimfuata. Akiwatazama, wataiga kinyume. Watamke pamoja: “Rudi, zunguka, panda, shuka.” Wanapoandika, apite safu moja tu kwa siku, akitazama mikono. Mistari mitatu iliyoandikwa mbele ya macho yake inafaa kuliko ukurasa mzima mtoto alioandika peke yake.

Nyumbani, mzazi asiharakishe penseli. Kupukuchua mahindi na kuchambua mchele huimarisha vidole vilevile vitakavyoshika penseli: gumba na kidole cha shahada vinabana, cha kati kinaegemeza. Kipande kifupi cha penseli humsaidia mtoto kushika hivyo, kwa kuwa hakina nafasi ya kukunjia ngumi.

Mtoto wa mkono wa kushoto mwacheni aandike kwa kushoto. Adabu ya kula kwa mkono wa kulia afundishwe mezani. Penseli ni jambo jingine, na kumlazimisha abadili mkono ni kumtwisha kazi mbili kwa wakati mmoja. Daftari lake likae kushoto kwa kifua chake, pembe ya juu ya kushoto ikiwa imeinuka kuliko ya kulia, na vidole vishike penseli juu kidogo ili aone anachoandika. Penye dawati la watoto watatu, akae mwisho wa upande wa kushoto, kiwiko chake kisigongane na cha jirani.