Je, Nyimbo Zitamlisha?

Kijana akisema ataka kusomea kuimba chuoni, wazazi wengi humwuliza: "Utakula nyimbo?" Basi sikilizeni habari za Leontyne Price wa Laurel, Mississippi, huko Marekani, aliyezaliwa mwaka 1927. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha mbao, mama yake alikuwa mkunga. Ili binti yao apate piano, walitoa santuri yao iwe malipo ya kwanza. Ni wangapi wetu wangekubali?

Alikwenda Wilberforce, Ohio, apate ualimu wa muziki. Huko sauti yake ikajulikana, na mwaka 1948 akaingia Juilliard, New York. Wala msidhani ni mchezo. Anayesomea uimbaji hukaa na mwalimu wake ana kwa ana, hurudia sauti zilezile kila siku, husoma nota, hujifunza kutamka Kiitaliano na Kijerumani, kisha huimba mbele ya watahini. Akishikwa na mafua siku hiyo, ala yake imeharibika!

Tarehe 27 Januari 1961 aliimba mara ya kwanza katika Metropolitan Opera. Watu wakampigia makofi zaidi ya nusu saa.