Nambari Iliyo Kwenye Mfuko wa Kulalia

Jumamosi iliyopita niliandamana na mzazi mmoja hadi Soko la Toi, kandokando ya Kibera, kumtafutia bintiye mfuko wa kulalia. Likizo ijayo tutawapeleka wanafunzi wetu Mlima Kenya. Mchuuzi wa mitumba alitukunjulia mfuko mnene, wa kupendeza machoni, akatuonyesha lebo: nyuzi 15 chini ya sufuri. "Huu, mwalimu, utamlinda hata kwenye theluji!" Mzazi alikuwa keshatoa pesa. Nikamzuia.

Nilimzuia kwa kuwa kosa hilo nimewahi kulitenda. Miaka kadhaa iliyopita, katika kambi ya Shipton, yapata mita 4,200 juu ya usawa wa bahari, mwanafunzi wangu wa kidato cha pili alitetemeka usiku kucha ndani ya mfuko nilioukagua na kuusifu mwenyewe. Tulimfunika makoti yetu, tukamlaza kati ya wenzake wawili, na kulipokucha alikuwa salama. Lakini meno yake yalivyokuwa yakigongana gizani, sijasahau.

Ndugu msomaji, nambari ile kubwa aghalabu si ya usingizi. Kipimo cha kimataifa, ISO 23537, hutaja viwango vya baridi kadhaa. Kimoja ni cha starehe, yaani baridi ambayo mwanamke wa kawaida huweza kulala ndani yake bila taabu. Kingine ni cha kunusurika tu: saa sita hivi za kutokufa, na huenda vidole vikadhurika. Nilipoisoma lebo ile yote, kiwango cha starehe kilikuwa nyuzi 2 juu ya sufuri. Kule Shipton maji huganda usiku.

Sisi wa Nairobi hudanganywa na Julai yetu. Mwenyeji wa Kangemi au Lavington akishavaa sweta mbili hudhani ameijua baridi, ilhali kila mita 1,000 za kupanda huondoa nyuzi sita hivi, na kambi ile imeuzidi mji wetu kwa mita 2,500. Isitoshe, manyoya ya bata yakilowa hayahifadhi joto, na njia za mlimani zina mvua. Kwa mwanafunzi napendelea nyuzi za poliesta. Na pasiwepo mtoto wa kulala bila godoro la sponji chini yake, kwani ardhi hunyonya joto kupita hewa.

Lawama kubwa naiweka kwetu walimu. Barua zetu kwa wazazi husema "mfuko wa kulalia", basi. Mwenye uwezo hununua mpya katikati ya jiji. Asiye nacho hufunga blanketi kwa kamba. Mbona shule hununua jezi na mipira, isinunue mifuko 20 ya kuwaazima wanafunzi mwaka baada ya mwaka?

Mchuuzi alichakura chini ya rundo, akatoa mwingine, starehe nyuzi 7 chini ya sufuri. Zipu ilikuwa imeng'oka. Tuliununua, na jioni hiyo hiyo fundi mmoja wa Kawangware akaishona.