Mofini: Tuliza Maumivu, Linda Chupa

Je, unamuuguza mgonjwa wa saratani mwenye maumivu makali? Wengi huogopa mofini kwa kuwa wapo watu wanaotumia dawa za hospitali kujilevya. Lakini mgonjwa anayeinywa kwa kipimo cha daktari ni nadra awe mraibu. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4. Usingoje maumivu yarudi. Hufunga choo, kwa hivyo omba pia dawa ya kulainisha choo. Usiikatize ghafla. Mgonjwa akisinzia kupita kiasi au akipumua polepole, mpeleke hospitalini mara moja. Fungia chupa kabatini: kipimo kinachomtuliza mgonjwa kinaweza kumuua mtoto. Usimgawie jirani. Inayobaki irudishe hospitalini.