Gramu za Turubai, Kilo za Maji

Ukifunga turubai uwanjani pembezoni mwa mji wa Singida, mtu wa kwanza kupita atauliza msiba ni wa nani. Ana haki ya kuuliza. Kazi za turubai mkoani humu zinajulikana: kuwafunika waombolezaji, kuwafunika waalikwa wa harusi, kufunika magunia ya alizeti juu ya lori, na kutandazwa chini mtama ukipurwa. Mtu mzima mwenye nyumba kulibeba hadi porini, akalifunga juu ya kitambaa kinachoning'inia kati ya miti miwili na kulala humo, hiyo ni kazi mpya ambayo bado haijapata wateja.

Kitambaa chenyewe ni hamoki. Mabaharia wa Columbus waliikuta kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi mwaka 1492, wakaona inawafaa melini, na siku hizi wapenda kambi wa Ulaya na Marekani wameirudia kwa hoja moja kubwa: uzito. Hema la watu wawili lenye fito zake hupita kilo 2 kwa urahisi. Turubai la nailoni nyembamba iliyopakwa silikoni, mita 3 kwa 3, lina gramu 450 hivi. Hamoki ya kitambaa kama cha parachuti ina gramu 500, na mikanda yake ya kufungia labda 250. Jumla kilo 1 na ushei, na vyote vinaingia kwenye mfuko wa ukubwa wa mkate. Ukitaka kujua umbali tuliotoka, turubai la pamba la ukubwa huohuo lina kilo 3 na zaidi, na lile la plastiki la mita 4 kwa 5 ambalo UNHCR huwagawia wakimbizi lina karibu kilo 4.

Hesabu hizi hazina kosa. Tatizo ni kwamba zimefanywa mahali ambapo kijito kiko nyuma ya kila mlima. Singida hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, milimita 600 na kitu kwa mwaka, kisha anga linafungwa. Kuanzia Juni mito mingi ni mchanga mtupu. Mtu anayetembea na begi mgongoni kwenye jua hilo anahitaji lita 4 au 5 kwa siku, akiwa na nia ya kupika uji. Lita 5 ni kilo 5. Akiweka akiba ya siku mbili, tayari ana kilo 10 mgongoni, na aliyelipa fedha nyingi ili apunguze gramu 300 kwenye turubai ameokoa uzito wa kikombe kimoja na nusu cha maji, ambacho angekihitaji.

Hili si jambo jipya. Njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora ilipita sehemu ambayo leo ni Manyoni na Itigi, na wasafiri wa karne ya 19 waliiita Mgunda Mkali. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke waliivuka kabla ya kufika Tabora Novemba 1857. Mwanahabari Stanley aliivuka mwaka 1871. Katika maandishi yao habari ya Mgunda Mkali ni maji: kisima kiko wapi, kimekauka au la, ni mwendo wa saa ngapi hadi kingine. Kuhusu malazi hawakuwa na wasiwasi. Msafara ulifika kwenye kambi zilizoachwa na misafara iliyotangulia, zenye ua wa miiba na vibanda vya matawi na nyasi, watu wakatengeneza palipobomoka wakalala. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba mzigo wa kilo 30 wa mtu mwingine aliongeza juu yake ngozi ya kulalia na chungu chake. Paa hakulibeba, kwa kuwa paa liliota porini.

Burton naye alipata kuijua hamoki. Huko mbele ya Tabora, mwaka 1858, miguu yake ilipooza kwa ugonjwa, akawa anabebwa kwa machela iliyofungwa kwenye mti mabegani mwa wapagazi. Kwa mizani yake ilikuwa hamoki nyepesi kupita zote zinazouzwa leo.

Basi tuseme maji yamepatikana. Swali linalofuata ni miti, na hapo mkoa wa Singida unagawanyika vizuri kuliko ramani yoyote ya wilaya. Hamoki inataka miti miwili hai, minene kuliko paja, iliyoachana mita 4 hadi 5, na katikati yake pasiwe na kitu. Magharibi ya Manyoni, kuelekea Rungwa, misitu ya miombo inatoa miti ya namna hiyo bila hesabu: mitundu, mininga, miyombo yenyewe. Msitu wa Mgori nao, ule uliokuwa miongoni mwa misitu ya kwanza nchini kukabidhiwa vijiji vyake kuulinda katika miaka ya 1990, una miombo ya kutosha. Humo hamoki inakaa kana kwamba ilishonewa hapo.

Sogea Itigi na mambo yanabadilika. Kile kichaka cha Itigi, ambacho wataalamu wa mimea wanakihesabu kuwa cha namna yake duniani, kina urefu wa mita 3 hadi 5, na vishina vyembamba vimesongamana hata mbwa anafikiri mara mbili kabla ya kuingia. Miti ni maelfu, na hakuna miwili inayofaa. Wakati wa kiangazi majani yote yamepukutika, kwa hiyo hata kivuli hupati. Upande wa Bahi kuna migunga, yenye miiba inayotoboa nailoni kabla hujamaliza kufunga fundo, na mibuyu, ambayo mkanda wa mita 3 hauwezi kuizunguka. Wembere ni uwanda wa nyasi. Mjini Singida na viunga vyake kuna mawe makubwa ya matale yaliyobebana kwa namna inayowafurahisha wapiga picha. Hapo mawili yanaweza kupatikana kwa umbali sahihi, lakini jiwe la mviringo halishiki mkanda, na lenye ukingo linaukata.

Hata pale penye miti, kosa la kawaida ni kuikaza hamoki ilale sawa kama kitanda. Mizani yake ni rahisi: kamba zikishuka kwa pembe ya nyuzi 30, mtu wa kilo 70 anauvuta kila mti kwa nguvu ya kama kilo 70. Zikikazwa hadi pembe ibaki nyuzi 10, kila upande unabeba kama kilo 200. Hapo ndipo mishono inapofumuka, na mlalaji anashuka chini kwa njia fupi. Hamoki iliyolegea inatisha kuitazama, ila ndiyo inayolalika, mradi ulale kimshazari ili mgongo unyooke. Mkanda nao uwe mpana, sentimita 2 na nusu au zaidi. Kamba nyembamba inakula gome, na mti ukivuliwa gome pande zote unakufa. Wafugaji nyuki wa Itigi na Manyoni wanalijua hilo vizuri, maana ndiyo sababu mizinga ya magome inapigwa vita. Hao ndio mabingwa wa kuning'iniza vitu porini: mizinga yao inapachikwa juu ili nyegere asiifikie. Kabla ya kufunga mkanda, inua macho. Mti uliokwisha kupangwa una wapangaji wasiopenda kutikiswa.

Faida ya kulala juu ni ya kweli. Nge, siafu na moma wana nchi yao, na hamoki inakuondoa ndani yake. Chandarua kikishonewa humo, mbu nao wanabaki nje. Lakini wauzaji hawalisemi sana jambo la baridi. Mji wa Singida uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto linaweza kushuka hadi nyuzi 12 au 13. Aliyelala chini anapata ubaridi wa ardhi tu. Wa hamoki anapepewa mgongoni usiku kucha, na blanketi alilolalia limebanwa na uzito wake hadi halina hewa ya kutunza joto. Dawa ni godoro jembamba la sponji ndani yake, au blanketi la kuning'inizwa kwa nje chini ya hamoki. Vyote viwili vina uzito, na ile kilo 1 na ushei sasa ni mbili. Hema tuliloliacha nyumbani linaanza kutabasamu.

Wapo wanaolala nje mkoani humu bila kununua kitu. Wahadzabe wa Mkalama, upande wa Ziwa Eyasi, hulala kiangazi kando ya moto, na mvua zikija wanawake hujenga vibanda vya matawi na nyasi kwa muda mfupi. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia usingizi wa Wahadzabe 33 kwa siku 20. Muda ambao watu wazima wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu, katika siku zote hizo. Kila saa ya usiku kulikuwa na mtu macho, bila zamu wala ratiba: mzee aliyeamka mapema, kijana aliyechelewa kulala. Mwenye hamoki ya mtu mmoja anajilinda mwenyewe, na akisikia fisi atalazimika kwanza kutafuta zipu.

Turubai lina hadithi nyepesi zaidi, maana linafaa popote, ila adui zake hapa si wale lililotengenezewa. Singida ni mkoa wa upepo. Mipango ya kuuzalishia umeme imezungumzwa kwa miaka mingi, na kwa sasa maturubai yameutangulia mtambo kuupokea. Lifungwe chini, pembe moja ikielekea upepo unakotoka, na upande huo ugusane na ardhi. Vigingi vyembamba vya alumini vinapinda kwenye udongo uliokauka na kuwa kama saruji, na kwenye mchanga wa mtoni vinang'oka. Penye udongo mgumu tumia mawe, ambayo Singida haijawahi kupungukiwa. Mchangani, funga kamba kwenye kijiti na ukizike kimelala. Jua nalo ni kali kuliko mvua: nailoni inachakazwa na mionzi, na turubai linalotumika kama kivuli kuanzia saa nne hadi saa kumi kila siku halizeeki kwa miaka, linazeeka kwa miezi. Poliesta inastahimili zaidi, na ikilowa hailegei kama nailoni. Cheche moja ya moto wa kuni inatoboa zote mbili bila upendeleo.

Mvua ikinyesha, kikwazo ni mikanda ya hamoki. Maji yanayoteremka kwenye shina yanaufuata mkanda moja kwa moja hadi kitandani. Kikamba kifupi kikifungwa juu yake kabla ya hamoki, maji yanadondokea hapo. Kinagharimu karibu sifuri, nacho kina manufaa kuliko nusu ya vikorokoro vinavyouzwa pamoja na seti.

Kabla ya yote hayo kuna ruhusa. Rungwa, Kizigo na Muhesi ni mapori ya akiba chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na huingii kulala kwa kuwa umeona miti mizuri. Kwenye ardhi ya kijiji, hodi inapigwa kwa mwenyekiti au mtendaji, na maelezo yawe mafupi. Hapa ni Singida, ambako kesi za watu-simba, wauaji waliojifanya simba, za miaka ya 1940 zilipeleka watu kunyongwa, na mgeni anayekutwa alfajiri akitoka kwenye mfuko uliofungwa mtini asishangae wazee wakimwuliza maswali mawili matatu ya ziada.

Anayekwenda miombo ya magharibi mwezi wa Julai, akiwa na kibali na gari la kubebea maji, achukue hamoki na turubai, pamoja na godoro lake. Wa Iramba, Mkalama au mjini achukue turubai, mkeka na chandarua. Wa Januari achukue turubai kubwa la poliesta, mita 3 kwa 4, asijali gramu 200 zilizozidi. Popote anapokwenda, dumu la lita 10 liingie kwenye begi kwanza, na vingine vipimwe kwa nafasi iliyobaki. Hamoki ikikosa nafasi ibaki nyumbani, kuna watoto ambao hawatahitaji kuelezwa matumizi yake.